Maji ya Rejeta Yalikokwenda

Mume wangu Nathanieli si mtu wa maneno. Ukimwona amelala chali chini ya gari, hapa uani kwetu Kabasa, Bunda, miguu nje kichwa ndani, ujue siku hiyo hataongea na mtu, chakula chake kitapoa, na mimi nitakasirika. Msimu ule wa mvua alishindaga hivyo karibu kila Jumapili tukitoka kanisani. Alikuwa anatafuta tundu. Gari yetu ilikuwa inakunywa maji, na hakuna aliyejua yanakwenda wapi.

"Imepungua tena," ananiambia, kifuniko cha rejeta mkononi.

"Si uliijaza jana?"

"Niliijaza mpaka ikafurika."

"Basi inavuja."

"Wapi, Penina? Inama unionyeshe, wapi?"

Nainama. Ametandika maboksi chini ya injini tangu jana yake, na maboksi makavu kabisa. Nainuka na gauni langu la kanisani lina grisi, yeye anarudi chini bila hata kusema pole.

Ile gari ni Noah ya zamani, imebabuka rangi, mlango wa pembeni huufungi bila kuusindikiza na goti. Nathanieli aliipata alipoacha udereva wa lori la samaki Musoma. Kwao ni Bugwema, watoto wa pamba na mihogo. Alianza kama utingo, akajifunza kuendesha kwa kumtazama dereva miguu, na mpaka leo akikaa kwenye usukani anakaa kama mtu aliyekuja kuomba kazi, mgongo umenyooka. Majirani walimwambia auze hicho chuma chakavu anunue pikipiki. Hakutaka, na sababu ilikuwa mama yangu.

Mama yangu, Rhobi, anaishi upande wa Butiama kwenye mji aliouacha marehemu baba. Ana sukari ya miaka mingi. Sukari ilimla nyayo, zikafa ganzi. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni, akawa anauliza nani anachoma ngozi, kumbe ni yeye. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikatwa kwa ajili ya kaa lile. Daktari wa Musoma alitukalisha chini akatueleza bila kuzunguka: mguu huu ukipata kidonda kingine, hatutakata kidole, tutakata mguu, na kwa umri wake sijui kama atainuka. Aje kliniki kila mwezi, avae soksi na viatu vya kufunika, asitembee umbali mrefu, asikae karibu na moto.

Tangu siku ile nyumba yetu yote iliishi kwa ajili ya ule mguu. Kwa kliniki, mama alikuwaga anapanda bodaboda. Nathanieli akakataa. Alisema eksozi ya pikipiki itamuunguza shavu la mguu na hatasikia. Akasema mkwe wake atapandishwa gari mpaka siku atakayokufa, na gari ni hii. Akalitoa kapeti lote la nyuma, akachomelea bati kila palipokuwa na kutu kwenye sakafu ili vumbi la barabara lisimpate mama, akatandika nailoni nene, juu yake kapeti jipya la plastiki. Alifanya kazi ile wiki nzima. Tone la maji lisingepita pale, liwe linaingia au linatoka.

Sasa nikueleze jinsi walivyosafirigi, maana mgeni hawezi kuelewa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Akimwona anakuja, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Tunasali, ndiyo, tunaimba kwaya, na mchungaji ameshahubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mchungaji mwenyewe nimemshuhudia kwa macho yangu akiruka mtaro kumkimbia mama mkwe wake, Biblia kwapani.

Kwa hiyo siku ya kliniki Nathanieli anatoka Bunda asubuhi, anafika kwa mama, anafungua mlango wa nyuma, halafu anakwenda kusimama ng'ambo ya gari akitazama mlima. Mama anapanda peke yake, anakaa nyuma ya kiti cha dereva ili asionekane. Kioo cha ndani Nathanieli alikigeuza kikawa kinatazama dari. Na mama akitaka kitu, labda gari isimame ajisaidie, maana sukari na haja ndogo ni ndugu, hamwambii dereva aliyeko mbele yake wanapumuliana. Ananipigia simu mimi. Mimi niko Bunda kwenye kibanda changu cha chakula, mikono ina unga, wateja wananidai ugali.

"Mwambie mkwe asimame kwenye vichaka."

Nakata, nampigia Nathanieli. "Simama kwenye vichaka."

"Nimesikia," anasema. Amemsikia vizuri mama mwenyewe akiongea, lakini lazima asubiri simu yangu. Wateja wangu walikuwa wanacheka mpaka wanapaliwa. Nami nilikuwa nacheka, usifikiri.

Basi maji. Nathanieli alivua rejeta akaipeleka kwa wachomeleaji, wakaiziba midomo, wakaijaza upepo na kuizamisha kwenye pipa. Hakuna kiputo hata kimoja. Akabadilisha mipira yote ya mbele. Akabadilisha kifuniko. Fundi Eliasi wa hapo jirani, mtu anayejuaga kila kitu kabla hajatazama, akasema gasketi imeungua, maji yanapenyea ndani ya injini. Wakachomoa kijiti cha oili: safi, haina weupe wowote wa maji. Moshi wa nyuma safi. Eliasi akasema hii gari imelogwa, akaondoka na spana yetu.

Kuna mtu akamshauri amwagie ute wa mayai ndani ya rejeta, ukiiva utaziba tundu. Akachukua mayai yangu ya biashara. Mwingine akasema manjano. Akachukua kopo langu la manjano lote. Wiki ile injini ilinukia pilau, na maji yakaendelea kupungua.

Kule madukani wanauza yale maji maalumu ya rejeta, ya kijani na ya pinki. Nathanieli alisema gari inayovuja hivi huiwekei maji ya bei, unamwaga pesa barabarani. Akawa anajaza ya bomba tu. Na maji ya bomba yakizunguka humo kwenye vyuma vyenye kutu, na yale manjano yangu yaliyokwisha kupoteza harufu, yanakuwa ya njano njano, yakipoa kidogo ni vuguvugu, hayana harufu ya kitu chochote. Ningejua! Ningeuza hata sufuria zangu nimnunulie ya kijani.

Mama naye akaanza vituko vyake. Siku za kliniki akawa hanywi chai asubuhi. Namuuliza kwa simu umekunywa nini, ananijibu amemeza mate. Akawa anasimamisha gari mara nyingi kuliko zamani: mwambie mkwe asimame, mwambie tena asimame, mpaka Nathanieli akaniuliza kwa upole kama mama anaumwa tumbo. Akawa anakuja na kipande cha blanketi kuukuu anakitandika miguuni. Nathanieli akafurahi, akasema mkwe anaona baridi, atamnunulia blanketi jipya. Wakifika nyumbani kutoka Musoma, mama hashuki hapo hapo. Ananipigia: mwambie mkwe aende akapumzike kivulini, nisafishe nilipokaa. Naye Nathanieli anakwenda, anakaa nyuma ya nyumba. Mama mzima wa miaka yake anainama ndani ya gari anapangusa kapeti kwa kitenge chake.

"Mwachishe mama kufagia gari," nilimwambia Nathanieli.

"Nimwachishe vipi? Nimshike mkono?"

Nikamwambia mama mwenyewe. Akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea. "Kwani mimi nimekuwa mtoto mchanga? Nikae mahali nipaache pachafu?" Akakata simu.

Halafu akasema hataki kliniki tena. Akasema dawa anazo, daktari anarudia maneno yale yale, barabara inamchosha. Nikapandisha hasira. Nilimwambia mama, mwanaume huyu anaacha shughuli zake, anajaza gari madumu ya maji kama anakwenda jangwani, anasimama kila mara anaimwagia ifike, ni kwa ajili yako, na wewe unaleta maringo! Akasema sawa, nitakwenda. Akaenda. Kule kliniki nesi alipotaka kumvua soksi amtazame nyayo, mama akakataa, akasema amejitazama mwenyewe asubuhi, ziko salama. Nesi ana foleni mpaka nje. Akaandika salama.

Mwezi uliofuata nilifunga kibanda nikaenda kumwona mwenyewe. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni.

Sitaki kueleza sana ule mguu. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Unyayo wote wa kushoto, na pembeni mpaka karibu na kisigino, ngozi ilikuwa imeachia, chini yake pameoza. Mama alikuwa amekaa kitandani anatazama ukuta. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Tulipata gari nyingine hapo hapo, maana nilimwona hawezi kungoja Nathanieli atoke Bunda, tukampeleka Musoma.

Daktari alimtazama, akavua glavu taratibu. "Hii ni kuungua. Bibi ameungulia wapi?"

"Mama, umeungulia wapi?"

"Sijui."

"Ulikanyaga moto? Majivu? Ulikaa jikoni?"

"Labda majivu."

Nikamgombeza, Mungu anisamehe, pale pale mbele ya daktari na wagonjwa. Tumekukataza jiko, tumekuambia, wewe una kichwa kigumu! Mama akaniacha nigombe. Daktari akasema sumu imeanza kupanda, mguu utakatwa chini ya goti, kesho asubuhi, na tuombe Mungu.

Nilimpigia Nathanieli nikamweleza. Akasema, "Wakishamkata hataweza kukaa. Nitatoa viti vya nyuma niweke godoro, arudi amelala." Ndivyo alivyo. Wewe unalia, yeye anatafuta spana.

Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama wodini. Wamemvalisha lile gauni la kufunga nyuma, wamemtoa hereni. Simu ikaita.

"Nimeliona tundu," akasema Nathanieli.

Unajua nilifurahi? Katikati ya siku ile, nilifurahi kama mjinga. "Asante Yesu! Liko wapi?"

"Nimefungua viti, nikaona kapeti limevimba. Nikalifunua. Chini yake maji yamejaa, Penina, yametuama kwenye ile nailoni yangu. Kuna kijumba cha chuma humo chini, kina mipira miwili inayotoka mbele kwenye injini. Ni hita."

"Hita ya nini?"

"Ya kupasha joto watu wa nyuma. Walioitengeneza hii gari kwao kuna baridi. Sikujua kama ipo. Nimeendesha miaka yote, nikatandika nailoni kukizunguka kile kijumba nikidhani ni kitako cha kiti, sikujua kama ipo. Mpira mmoja umechanika, maji yanafurika mpaka juu ya kapeti."

"Sasa si umelipata? Utaziba."

"Liko chini ya kiti cha mkwe," akasema. "Pale anapowekaga miguu. Nikawasha injini nikaiacha ipate moto kama ya safari, nikaweka mkono. Mkono wangu umeungua, Penina. Umetoka malengelenge."

Simu niliishusha kwenye mapaja yangu. Nilimtazama mama. Na yeye alikuwa ananitazama, maana simu yangu ina sauti kubwa na wodi ilikuwa kimya.

"Mama. Mle ndani ya gari, miguuni kwako, kulikuwa na maji?"

Akageuza uso. "Nani kakwambia?"

"Mama!"

"Usipaze sauti, watu wanasikia." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Ni hii sukari. Mtu anatokwa hajisikii. Miguu haisikii, na huku juu nako nikajua sasa hakusikii. Natazama chini, nakuta nimelowa soksi, maji ya njano, miguuni kote. Nyuma ya mgongo wa mkwe wangu, Penina. Amenitandikia kapeti jipya."

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa pamoja: chai, blanketi, vichaka, kitenge. Nilimshika mabega, nikamwambia, "Mama, nisikilize. Haukuwa mkojo. Ni maji ya gari. Yalikuwa ya moto kutoka kwenye injini, ndiyo yaliyokuunguza. Yale maji Nathanieli aliyokuwa anayatafuta, ndiyo hayo."

Akanitazama. "Maji ya gari?"

"Ya gari."

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe, mama. Hata tone moja siyo wewe."

Mama yangu akacheka. Nakuapia. Alifunika mdomo na mkono wenye sindano ya dripu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua kuni. "Ee Mungu wangu," akawa anasema, "ee Mungu, kumbe siyo mimi." Mguu wake umeoza, watu wanakuja kuukata, na yeye anamshukuru Mungu.

Nilitaka kumpiga. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ni mwanao! Umenifulia mimi nepi zangu! Ungeniambia mimi, mama, mara moja tu!"

"Ningekwambiaje wewe?" akasema, bila ugomvi wowote. "Wewe ndiye unayempelekea maneno yangu."

Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu, wakampandisha. Alikuwa anatabasamu. Aliniambia nifunike mabega kuna upepo, akaniambia nimwambie mkwe asijilaumu, chuma ni chuma, akapelekwa upasuaji akiwa anatabasamu, na mimi nilibaki pale nimeshika viatu vyake viwili.

Nathanieli alifika mchana na ile ile gari. Alikuwa ameikata ile mipira miwili, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe na kipande cha bomba na vibano viwili, ili maji yasiende nyuma tena. Kazi ya muda mfupi, aliniambia, hata chai yake haikupoa. Kutoka Bunda mpaka Musoma rejeta haikupungua hata kidogo.

Hakuingia wodini. Atamwonaje mkwe wake kitandani, amefunuliwa, mguu haupo? Alisimama nje ukutani, palipoanikwa mashuka, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cha jikoni kwangu. Mama alikuwa ametoka upasuaji, hajaamka bado. Daktari alikuwa amesema tungoje, moyo wake umechoka.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema usijilaumu."

"Na nini tena?"

Nilifikiria kumficha. Halafu nikaona tumefichana vya kutosha. Nikamwambia yote, kitenge na soksi na kila kitu, jinsi mama alivyojua kwamba anajikojolea nyuma yake safari baada ya safari, na jinsi alivyocheka alipojua siyo yeye.

Nathanieli alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akateleza kwenye ukuta taratibu, akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi, na akalia kwa sauti. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kuisikia sauti ile. Alilia kama tunavyolia kwetu maiti ikitolewa ndani kwenda kuzikwa. Wanawake waliokuwa wanaanua mashuka waliacha kazi yao, wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, wakanipa pole ya msiba, wakauliza marehemu alikuwa nani. Mama alikuwa bado anapumua, pale ndani, nyuma ya dirisha. Nilizipokea zile pole zote.